Mitungi Minne ya Kuazima

Jumanne, 4 Novemba

Dirisha namba tano tena. Mara ya sita au ya saba, nimeacha kuhesabu. Karani ni yule yule, sweta ni lile lile la kijivu — na joto lote hili! Nimeshampa jina: Bwana Kesho. Leo amelipekua faili langu karatasi kwa karatasi kama anayechambua mchele. Cheti cha afya kipo. Barua ya mwenye jengo ipo. Orodha ya watoto ipo. Cheti cha zimamoto hakipo. Nikamkumbusha kwamba juzi alisema maombi ya zimamoto yanapokelewa hapa hapa dirishani. Akakubali, wala hakubisha. Ila anayeyapokea ametoka. Nije kesho.

Saa mbili nzima nimesimama foleni nikitazama ukuta. Kuna ndoano ya chuma pale, na juu yake kibandiko chekundu: MTUNGI WA KUZIMIA MOTO. Mtungi hakuna. Bwana Kesho ametundika mwavuli wake.

Miguu imevimba. Mume wangu kaniwekea beseni la maji ya chumvi, akauliza jiji wamesemaje. Nikamwambia kesho. Akacheka. Mimi sikucheka. Likizo inaanza tarehe mosi Desemba, na bila kibali cha programu yetu ya watoto hatufungui mlango.

Jumatano, 5 Novemba

Nimekwenda. Aliyetoka hajarudi.

Ijumaa, 7 Novemba

Maombi yamepokelewa! Muhuri umegongwa mbele ya macho yangu, wino mbichi. Furaha ikadumu mpaka nilipogeuza karatasi na kusoma nani mkaguzi wa eneo letu.

Wifi.

Dada mkubwa wa mume wangu. Katika zimamoto ya mji mzima nimeangukia mikononi mwa wifi! Mwanamke ambaye siku ya harusi yetu alikagua nyaya za taa kwanza, ndipo akaja kunipa mkono. Huu mwaka wa pili hatujakaa meza moja bila vijembe. Yeye husema nimemharibia mdogo wake: alikuwa fundi cherehani mwenye wateja wake, nimemgeuza wa kufundisha watoto wa watu bure. Nami siku moja nikamjibu mbele ya shangazi zao kwamba yeye ameolewa na kazi, na hata kazi yenyewe imemchoka. Nilijiona nimepatia kweli. Ulimi hauna mfupa.

Mume wangu anataka aende akazungumze na dada yake. Nimemkataza. Sitaki kubebwa. Atukague kama anavyokagua wengine.

Jumatatu, 10 Novemba

Karatasi ya masharti imekuja, ukurasa mmoja na nusu, na pembeni mwandiko wa wifi umesimama wima kama askari. Mlango wa nyuma ufunguke kwa nje. Ngazi isiwe na kitu wala mtu aliyekaa, ni njia ya kutokea. Meza za pasi zikae hatua nane kutoka kwenye magodoro. Mitungi minne ya kuzimia moto, itundikwe usawa wa kifua.

Ukumbi wetu ni ghorofa ya kwanza ya bohari la zamani la magodoro. Mwenyewe alipohamisha biashara alituachia magodoro mabovu thelathini, na hayo ndiyo tunayorukia. Asubuhi mazoezi ya viungo na mimi. Mchana kushona na mume wangu — pasi sita za umeme, vitambaa kila kona. Sponji upande huu, pasi upande ule. Nilitaka sana kusema wifi ananionea. Nimeisoma mara tatu na sijaona alikonionea.

Jumatano, 12 Novemba

Siku nzima mlango wa nyuma. Bawaba zimekula kutu mpaka zimesahau kazi yake. Mume wangu na seremala wameung'oa, wakaugeuza, wakaupachika upya, huku kila mmoja akimlaumu mwenzake kwa kupinda kwake. Sasa unafunguka nje. Michango ya wazazi imeishia mlangoni hapo. Ndoano nne tumeshazifunga ukutani, zimenyooka vizuri! Mitungi ndiyo hatuna.

Jioni amekuja mama wa yule kijana, kumwandikisha binti yake mdogo. Ndiye wa arobaini na moja. Sikujua nitazame wapi. Likizo ya mwaka jana nilianza programu uwanjani bila kibali, na siku ya tatu jiji wakaja kututawanya. Watoto wakarudi kuzurura. Wiki hiyo hiyo kijana wake akafukiwa kwenye shimo la mchanga walikokuwa wanachezea. Miaka kumi na mitatu. Alikuwa anajua kusimama kwa mikono dakika nzima.

Hajawahi kunilaumu, hata kwa jicho. Leo amesaini fomu, akasema tu, "Safari hii wawe ndani, Mwalimu."

Nikasema watakuwa ndani.

Jumamosi, 15 Novemba

Nimekwenda kwa Mama Kompyuta. Ndivyo tunavyomwita, ana darasa la kompyuta la vijana mtaa wa tatu kutoka hapa, na kibali anacho kila mwaka. Nikamuuliza mitungi yeye alifanyaje. Akacheka mpaka akashika mbavu. Kumbe mjini hapa mimi tu ndiye nisiyejua!

Programu zote za upande huu zina mitungi minne. Ile ile minne, ya kwake. Anayekaguliwa anaiazima, akishapita inakwenda kwa mwenzake. Imeshakaa kwa kocha wa ngumi, kwa wanakwaya, kwa wale wa judo. Wao wanaiita wageni. Wanatumiana meseji: wageni wako kwa nani wiki hii? Kwake ilikaguliwa tarehe tatu, na hapo katikati ikapita kwa wanakwaya. Nchi nzima hakuna mitungi iliyokaguliwa kama hiyo.

Nikamuuliza na moto ukitokea. Akasema moto ukitokea tutapiga kelele. Tukacheka wote wawili. Njiani narudi nikaona sina raha, nikajiambia ni njaa.

Jumanne, 18 Novemba

Wageni wamefika, wamelazwa kwenye kigari cha mtoto na kufunikwa shuka. Mmoja ana kibonyeo begani. Nimeipangusa yote kwa kitambaa chenye siki, nimesugua shingo, nimesugua mpira, nimebandua kwa kucha kibandiko cha darasa la kompyuta. Mume wangu alisimama ananitazama na futi yake shingoni. Akauliza kama nina hakika. Nikamuuliza kama ana wazo jingine.

Hana. Tukaitundika. Ukumbi umependeza kama benki.

Alhamisi, 20 Novemba

Ukaguzi.

Amekuja saa nne kamili. Sare, buti, daftari. Hakuniita wifi, ameniita Mwalimu, nami nikamwita Mkaguzi. Mume wangu alikuwa katikati yetu, na kwa jinsi alivyokuwa akihangaika na pindo la shati lake ungedhani yeye ndiye anayekaguliwa. Labda ni kweli.

Mlango wa nyuma ameusukuma kwa bega, ukafunguka bila kulia. Akashuka kwa nyuma, akapanda kwa mbele, akihesabu vidato. Kutoka kwenye pasi hadi magodoroni akapima kwa miguu yake. Hatua nane zake ni kumi zangu! Mume wangu akasogeza meza kabla hajaambiwa. Wifi akaandika. Ile kalamu yake inakwaruza.

Kisha mitungi. Alidhani — hapana, mimi ndiye niliyedhani — ataitazama ukutani na kupita. Ameshusha wa kwanza, ule wenye kibonyeo. Akatazama mshale, pini, mpira. Halafu akaupindua kichwa chini miguu juu, akaweka sikio, asikie unga ukimiminika ndani. Sikujua kama hufanywa hivyo. Akabaki nao umepinduliwa, anaangalia kitako. Muda mrefu. Nikafikiri unga umeganda. Ile mitatu mingine aliipindua haraka haraka, akairudisha yote kwenye ndoano zake, akaandika: mitungi minne, mizima.

Kweli tupu, si ndiyo? Ni minne. Na ni mizima.

Akauliza nani kati yetu anajua kuutumia. Tukatazamana. Basi akatufundisha. Ng'oa pini, lenga chini kwenye shina la moto, usilenge ndimi. Akanirudisha mara tatu, mara ya tatu akanishika kiwiko na kukishusha. Mkono wake ni wa moto. Nilimwambia chai iko tayari. Akasema ana ukaguzi mwingine. Mlangoni alimtazama mdogo wake, na mdogo wake akatazama viatu.

Nimechoka kama niliyekata kuni kutwa.

Ijumaa, 21 Novemba

Cheti kimesainiwa. Saini ya wifi, imesimama wima. Nilitegemea nitaruka. Nimekiweka kabatini nikaenda kulala mchana.

Jumatatu, 24 Novemba

Bwana Kesho amekipokea cheti. Kila kitu kimetimia, anasema, imebaki muhuri mkubwa. Mwenye muhuri mkubwa yuko semina. Ya nini? Ya kuharakisha huduma.

Jumatano, 26 Novemba

KIBALI!

Karatasi nene, mpaka wa kijani, muhuri mkubwa umepotoka kidogo lakini upo. Bwana Kesho amenipa mkono kupitia kwenye tundu la dirisha. Ameniuliza kwa sauti ya chini kama nafasi bado ipo, ana mjukuu wake wa miaka kumi na miwili, anashinda peke yake. Nikamwandika hapo hapo. Wa arobaini na mbili. Nikajikuta namwonea huruma na sweta lake.

Sijafika hata kituoni, meseji ya Mama Kompyuta. Ananipongeza. Na wageni wanatakiwa kwa kocha wa ngumi Jumamosi, yeye anakaguliwa Jumatatu saa mbili.

Jumatatu. Siku tunayofungua.

Ijumaa, 28 Novemba

Wifi amekuja nyumbani. Bila sare nusura nisimtambue, gauni la maua na malapa. Mume wangu alikuwa ametoka kufuata nyuzi. Nikamkaribisha, akakaa ukingoni mwa kiti kama mtu aliyekuja kuposa, na chai safari hii akanywa. Tukaongea habari za mvua. Tukamaliza habari za mvua.

Ndipo akasema, "Wifi, ule mtungi wenye kibonyeo nimeshakutana nao sehemu tatu. Tarehe tatu nikaubandika plasta kitakoni na kuandika tarehe. Umefuta kote. Chini hukufuta."

Nilitaka ardhi ipasuke. Mimi na siki yangu! Nikamuuliza kwa nini basi alisaini, kwa nini hakuniaibisha pale pale, roho yake isuuzike. Akakiweka kikombe chini. Akasema mdogo wake alikwenda ofisini kwake siku moja kabla ya ukaguzi. Alilia. Mtu mzima yule, akalia mbele ya vijana wa zamu, akisema mke wangu hatavumilia mwaka mwingine kama ule wa shimo la mchanga. Kumbe alikwenda, na mimi nilimkataza. Kumbe nilibebwa toka mwanzo.

Wakigundua, wifi anafukuzwa. Amebakiza miaka minne astaafu. Hakulisema kwa kunitisha, amelisema tu kama anayetaja saa. Na Jumatatu saa mbili yuko kwa kocha wa ngumi, na anakijua atakachokikuta ukutani.

Alipokuwa anavaa malapa akasema, "Saini ni yangu. Watoto ni wako." Akaondoka.

Sijamwambia mume wangu kwamba najua. Amerudi na nyuzi rangi kumi na mbili, ananionyesha moja moja. Nampenda na nimemkasirikia, vyote kwa pamoja.

Jumamosi, 29 Novemba

Wageni wameondoka na kigari chao. Nilijaribu. Nilimwomba Mama Kompyuta aniachie hata mmoja, akasema kocha amedaiwa minne, na uzuri wa mitungi hii ni kwamba haivunji zamu. Kituo cha mafuta wamekataa kuniazima, nao wana akili zao. Mwenye jengo anasema mwezi ujao tutaona. Duka la vifaa vya moto liko moja tu, wana mtungi mmoja wa maonyesho, mtupu. Wamesema mzigo unakuja wiki ijayo. Wiki ijayo siku gani? Eti niulizie.

Mume wangu amekitia kibali kwenye fremu, amekipigilia karibu na mlango juu ya ngazi ili kila anayepanda akisome. Amekifuta vumbi kwa mkono wa shati. Kwenye ndoano moja ametundika kofia yake.

Jumapili, 30 Novemba

Tumebishana toka chai mpaka chakula cha mchana. Yeye anasema miaka kumi na tisa tumeishi humu nyumbani na pasi na jiko bila mtungi hata mmoja, tumeungua lini? Anasema jiji lenyewe limetundika mwavuli, mimi ndiye niliyemsimulia. Anasema tufungue mazoezi tu, pasi zisiguswe. Nikamwambia sponji haihitaji pasi, waya mmoja mbovu unatosha. Anasema basi tuwapeleke uwanjani. Kibali ni cha ukumbi huu, si cha uwanja. Uwanjani tulishatawanywa.

Kila anachosema ni kweli kidogo. Hilo ndilo linalonichosha.

Mwishoni nikamwambia najua alikolia. Akaacha kutafuna. Nilitegemea atajitetea, nimeshajiandaa kabisa. Akasema, "Ningelia tena." Kisha akakusanya sahani akaenda kuosha.

Miezi mitatu nimepigania karatasi. Nilidhani karatasi ndiyo ukuta, nikishaupita niko ng'ambo. Nimeshaipata, na kwenye ndoano kuna kofia. Kama si plasta ile ningefungua kesho nikiimba. Hili ndilo linaloniogopesha kuliko moto wenyewe.

Jumatatu, 1 Desemba

Saa mbili na nusu. Naandika juu ya meza ya kukatia.

Mume wangu aliamka mapema kuliko mimi. Nilipofika magodoro yalikuwa yametandikwa, mashine zimefunuliwa, pasi moja iko kwenye umeme, anajaribu tu, eti. Nikaichomoa. Hakubisha. Akatungua kofia kwenye ndoano, akaivaa, akashuka kwa mlango wa nyuma. Hajasema anakwenda wapi.

Saa mbili walikuwa wameshafika wote, na wazazi nyuma yao. Nikafungua mlango wa mbele nusu, nikasimama katikati. Nilikusudia kuwaambia ukweli: mitungi hatuna, nilidanganya, nipeni siku chache. Maneno nilikuwa nayo, nimeyapanga njiani. Nikamwona mama wa yule kijana pale chini kabisa, amemshika binti yake begani.

Nikasema kibali bado. Njooni kesho.

Nimelisikia likinitoka. Hata sauti ilikuwa ya dirisha namba tano.

Hakuna aliyeshuka. Kisha yule binti akamponyoka mama yake, akapanda mpaka karibu yangu, akanyoosha kidole juu ya bega langu kwenye fremu. Akaanza kukisoma kwa sauti, taratibu, neno kwa neno, mpaka jina la ukumbi, mpaka tarehe. Akaniuliza, wala si kwa ujeuri, "Si hiki hapa, Mwalimu?"

Nikafunga mlango.

Ndivyo ilivyo. Mimi ndani na magodoro thelathini, wao nje. Hawajaondoka. Nilidhani watanung'unika waende, lakini wameketi kwenye ngazi kuanzia juu hadi chini, nawasikia wakipitishiana kitu, wakicheka kidogo kidogo kama wanaosubiri kengele. Wamekaa pale pale pasipotakiwa mtu kukaa. Nikitoka kuwaamsha itabidi niseme kitu. Nimeona haya hata ya kumgeuzia uso mama yule. Alisema wawe ndani.

Saa mbili na dakika hamsini. Kimya kimeingia ghafla. Kisha sauti ya wifi huko chini, anauliza nani amewaruhusu kukaa kwenye njia ya kutokea. Ametoka kwa kocha wa ngumi moja kwa moja. Anawauliza mwalimu wenu hajafungua?

Binti yule anamjibu kwamba Mwalimu amesema tuje kesho.

Nasikia watoto wakisogea ukutani kumpisha, na buti zake zinapanda. Anahesabu vidato.